Mcheza Kwao Hutunzwa: Mshindo wa Burundi katika Muziki wa Waingereza



Wahenga walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Mtu achezaye ngoma mbele ya watu wa kwao hakosi wa kumtunza, kwa sababu wanalijua jina lake na nyumba aliyotoka. Lakini methali hii haisemi neno juu ya mchezaji ambaye ngoma yake imechukuliwa, ikachezwa ng'ambo, naye mwenyewe amebaki nyumbani akilima. Huyo atatunzwa na nani?

Swali hilo nimelitafakari muhula huu wote. Nalo halikutoka hewani, bali limetokana na habari ya kweli: jinsi mshindo wa ngoma za Burundi ulivyofika London, ukaiokoa bendi ya vijana iliyokuwa imevunjika, ukaiweka juu ya bendi zote za Uingereza katika mwaka 1981. Wengi wetu hatuijui habari hiyo, ingawa inatuhusu sisi kuliko mtu mwingine yeyote. Nitaieleza kwa mafungu sita, kisha nitatoa maswali machache ili kila msomaji ajijaribu.

I. Ngoma zenyewe

Tumezaliwa tukizisikia ngoma hizi, kwa hiyo twadhani twazijua. Hebu tuzieleze kana kwamba twamweleza mgeni.

Ngoma moja ni kipande cha gogo kilichochimbwa ndani. Mti upendwao zaidi kwa kazi hiyo huitwa kwa Kirundi umuvugangoma, na jina lenyewe laonyesha ya kuwa ndio mti unaoipa ngoma sauti. Mdomo wa gogo huwambwa ngozi ya ng'ombe, nayo ngozi hukazwa kwa vigingi vya mti vilivyopigiliwa kandokando. Ngoma hupigwa kwa fimbo mbili, wala si kwa viganja.

Ngoma hizi hupangwa nusu duara, kumi na zaidi, na hesabu yake haigawanyiki kwa mbili. Katikati huwekwa ngoma moja iitwayo inkiranya. Nyingine ni amashakwe. Hizo huendesha mshindo mmoja usiobadilika, kama mapigo ya moyo. Nyingine tena ni ibishikizo, nazo huifuata inkiranya kila igeukapo. Wapigaji hutoka kwa zamu, wakaruka, wakacheza, kisha mmoja akaijia inkiranya na kuipiga. Na mara aipigapo, ibishikizo humwitikia. Akimaliza humwachia mwenzake, akarudi mstarini. Kwa hiyo hakuna aliye mkubwa tangu mwanzo hata mwisho. Kila mtu hupata zamu ya kuongoza, kisha hurudi kuwafuata wale waliomfuata.

Tena tukumbuke kwamba kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ni ngoma, na ni ufalme. Ngoma kuu iitwayo Karyenda ilikuwa alama ya utawala wenyewe. Ngoma zilipigwa Mwami alipotawazwa, zikapigwa alipozikwa, zikapigwa katika umuganuro, sikukuu ya mtama. Huko Gishora, karibu na Gitega, wako walinzi wa ngoma tangu zamani za Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908. Na ngoma mbili za mahali pale zina majina kama watu, Ruciteme na Murimirwa. Kulinda ngoma haikuwa kazi ya kila mtu, ilikuwa kazi ya ukoo, baba akimrithisha mwana.

Basi mtu akisema kwamba hizo ni kelele za furaha tu, hajaelewa. Zina mpango, zina historia, na zina wenyewe.

II. Sauti yasafiri peke yake

Ufalme wa Burundi uliondolewa Novemba 1966. Mwaka uliofuata, 1967, Mfaransa mmoja jina lake Michel Vuylsteke alirekodi ngoma zetu kwa kinasa sauti. Wapigaji walikuwa 25. Sauti hiyo ilitiwa katika santuri iliyoitwa Musique du Burundi, iliyotolewa na Ocora, shirika la santuri la radio ya Ufaransa, ambalo Charles Duvelle alikuwa akiliongoza. Hiyo ilikuwa santuri ya mafundisho, ya kuwekwa katika maktaba na kusikilizwa na wataalamu. Hapo bado hapana ubaya, bali naona kuna wema. Ngoma zilikuwa zimepoteza Mwami wao, na kama mtu asingezirekodi wakati ule, tusingejua leo zilivyolia mwaka ule.

Lakini santuri ina miguu. Katika mwaka 1971 fundi wa muziki wa Kifaransa, Michel Bernholc, akijiita Mike Steiphenson, aliichukua sauti ile ya ngoma, akaweka juu yake kinanda na gitaa, akaitoa kama santuri ndogo ya kuchezea dansi. Aliiita Burundi Black, na jina la wapigaji likaandikwa hivi: Burundi Steiphenson Black. Angalieni sana jambo hili. Jina la Mfaransa limetajwa. Jina la nchi nzima limetajwa kana kwamba nchi ni mtu mmoja. Lakini wale watu 25 walioinua fimbo hawamo. Santuri ile ilipata wanunuzi wengi, hata Uingereza ikaingia katika nyimbo 40 za kwanza.

Katika mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, naye alitumia kipande cha ngoma zetu chini ya wimbo wake uitwao The Jungle Line. Hivyo, miaka minane baada ya kurekodiwa, sauti ya kilima kimoja cha Burundi ilikuwa imekwisha kufika Paris, London na Marekani. Wapigaji wenyewe hawakuwa wamo katika safari hizo.

III. Bendi ya Adam and the Ants

Sasa twende Uingereza. Katika miaka ya 1976 na 1977 vijana wa huko walianzisha muziki uitwao Panki. Ulikuwa muziki wa magitaa, wa haraka, wa hasira, nao haukuhitaji mtu awe fundi. Baada ya muda mfupi wengi waliuchoka, kwa maana hasira peke yake haichezeki. Wakaanza kutafuta mishindo mipya. Wengine walikopa kwa Wajamaika, wengine kwa Wamarekani weusi, na wengine kwa Waafrika. Muziki huo wa baada ya Panki ulitaka mambo mawili pamoja: ukali wa Panki, na miguu ya watu ipate kucheza.

Adam Ant, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Stuart Goddard, alizaliwa London mwaka 1954. Bendi yake ya Adam and the Ants, maana yake Adam na Sisimizi, ilianza mwaka 1977. Santuri yao kubwa ya kwanza ilitoka mwaka 1979, lakini bendi ilibaki ya watu wachache, na waandishi wa magazeti waliidhihaki.

Ndipo Adam alipomwendea Malcolm McLaren, mtu aliyekuwa amewasimamia Sex Pistols, bendi mashuhuri kuliko zote za Panki. Adam alimlipa pauni 1,000 ili amfundishe njia. McLaren alimpa kaseti ya nyimbo za kusikiliza na kujifunza, na mojawapo ilikuwa Burundi Black. Lakini mwalimu huyo alikuwa mjanja. Mwezi Januari 1980 aliwashawishi wapigaji watatu wa Adam wamwache, akawaundia bendi nyingine iitwayo Bow Wow Wow, pamoja na msichana mdogo wa kuimba, Annabella Lwin. Adam alibaki na jina la bendi, na kaseti, na mshindo wa Burundi kichwani. Wapigaji hakuwa nao.

Hapa ndipo ninapomheshimu. Hakukaa akalia. Alimtafuta mpiga gitaa Marco Pirroni, wakatunga nyimbo pamoja. Kisha, kwa kuwa mshindo alioutaka ulikuwa mzito kuliko nguvu za mtu mmoja, alichukua wapiga ngoma wawili badala ya mmoja: Terry Lee Miall na Chris Hughes, aliyejiita Merrick, ambaye pia ndiye aliyesimamia kazi ya kurekodi. Kevin Mooney akapiga besi. Walirekodi katika studio ya Rockfield, nchini Wales, wakati wa kiangazi cha mwaka 1980.

Mwezi Oktoba wimbo wao Dog Eat Dog ulipanda hadi nafasi ya nne Uingereza, wakaonyeshwa katika televisheni, na watoto wa nchi nzima wakaona wapiga ngoma wawili wakipiga kwa pamoja, na mwimbaji mwenye mstari mweupe puani aliouiga kwa wenyeji wa asili wa Marekani. Santuri kubwa, Kings of the Wild Frontier, ilitoka Novemba 1980, huku bendi ikisafiri mji kwa mji kuipiga mbele ya watu. Safari na santuri vilisaidiana: aliyesikia santuri alitaka kwenda kuwaona, na aliyewaona alitoka na mshindo miguuni, akaenda kununua santuri. Januari 1981 santuri ilifika nafasi ya kwanza, na kwa jumla ilikaa hapo majuma 12. Katika mwaka mzima wa 1981 hapakuwa na santuri kubwa iliyouzwa kuliko hiyo katika Uingereza. Katika mwaka 1982 ikapewa tuzo ya albamu bora ya Kiingereza.

Lakini ngoma ikivuma sana hupasuka. Mwanzoni mwa mwaka 1982 bendi ilivunjwa, na Adam akaendelea peke yake. Hata hivyo santuri ile haikufa. Katika mwaka 2016 ilitolewa upya, na Adam Ant akasafiri tena akiipiga yote tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

IV. Nilivyosikia mimi

Sikutaka kuhukumu kwa maneno ya vitabu tu. Nilisikiliza katika kompyuta ya maktaba yetu, kwanza ngoma za mwaka 1967, kisha Burundi Black, kisha nyimbo za Adam and the Ants, nikaandika nilichosikia.

Neno la kwanza: Adam na wenzake hawakukata kipande cha sauti ya ngoma zetu na kukibandika, kama alivyofanya Steiphenson. Walipiga wenyewe kwa mikono yao. Walichochukua ni namna: ngoma nene kutangulia mbele, matoazi kukaa nyuma, watu wawili kupiga mshindo mmoja hadi ardhi itikisike, na kundi la sauti za wanaume kumjibu mwimbaji. Kuiga namna si sawa na kuchukua kitu. Mtu akiona jinsi jirani anavyojenga nyumba, naye akajenga yake kwa mfano ule, hatumwiti mwizi wa nyumba.

Neno la pili: kuna kitu ambacho hawakukichukua, nadhani kwa sababu hakisikiki katika kaseti. Nacho ni inkiranya. Katika muziki wao wapiga ngoma wawili hufanya kazi ya amashakwe, mshindo usiobadilika, na wanaifanya vizuri. Lakini hakuna ngoma ya katikati inayogeuza njia, wala hakuna zamu. Mahali pa inkiranya amesimama mwimbaji, na mwimbaji ni mmoja usiku kucha. Wengine wote wamfuata yeye. Kwetu mpigaji huongoza kisha hurudi mstarini. Kwao kiongozi harudi mstarini kamwe.

Neno la tatu: ngoma zetu hazina haraka ya kwisha. Wimbo wa bendi ni wa dakika tatu au nne, kwa kuwa ndivyo santuri ndogo na radio zinavyotaka. Kwa hiyo mshindo umekatwa kama nguo iliyopunguzwa ili imwenee mtoto. Yafaa, nami nakiri kwamba miguu yangu haikutulia chini ya meza ya maktaba. Lakini mtu aliyesikia hiyo peke yake asiseme kwamba amesikia ngoma za Burundi.

V. Watu wasafiri pamoja na sauti yao

Msidhani kwamba wapigaji wetu walibaki nyumbani siku zote. Julai 1982, katika viwanja vya Shepton Mallet, kusini-magharibi mwa Uingereza, lilifanyika tamasha la kwanza la WOMAD. Kati ya walioliandaa alikuwamo mwimbaji Peter Gabriel, na nia yao ilikuwa kuwakutanisha wapiga muziki wa nchi nyingi katika uwanja mmoja. Wapiga ngoma wa Burundi walialikwa, wakaenda.

Huko walikuwapo pia Echo and the Bunnymen wa mji wa Liverpool, bendi nyingine ya muziki wa baada ya Panki. Wakati wa kupiga wimbo wao All My Colours, ambao huitwa pia Zimbo, waliingia jukwaani pamoja na wapiga ngoma wetu. Fikirini: vijana wa Liverpool na magitaa yao, na wapigaji wa Burundi na fimbo zao, katika wimbo mmoja, mbele ya watu wale wale. Safari hii mshindo haukutoka katika kaseti. Ulikuwa na uso, na jasho, na nguo za rangi ya bendera.

Tamasha lile lilileta hasara kubwa ya fedha. Ikabidi Gabriel na wenzake wa zamani wa bendi ya Genesis wapige pamoja mwezi Oktoba mwaka ule ule ili kulipa madeni. Kwa hiyo ni kweli kwamba kuwaleta watu ni ghali kuliko kuleta kaseti. Lakini faida yake hukaa. Wapigaji wa Burundi walirudi Ulaya mara nyingi, na mwaka 1992 santuri yao wenyewe ilitolewa na Real World, kampuni ya santuri ya Peter Gabriel. Jina la mbele ya santuri hiyo ni lao, wala hapana kinanda cha mtu juu yake. Katika mwaka 2014 UNESCO iliandika ngoma hizi katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Sasa twaweza kulinganisha njia mbili. Katika njia ya kwanza sauti ilisafiri bila watu, na jina lililokuja juu likawa la mtu mwingine. Katika njia ya pili watu walisafiri na sauti yao, wakaonekana, wakaitwa, wakaalikwa tena. Ngoma zilikuwa zile zile. Tofauti yote ilikuwa katika kuwapo au kutokuwapo kwa wenyewe.

VI. Haki ni ya nani?

Hapa ndipo penye ugumu, na yatupasa kwenda polepole.

Santuri inapouzwa, fedha hugawanyika. Sehemu ni ya aliyetunga, sehemu ni ya aliyepiga, na sehemu ni ya mwenye kampuni aliyerekodi. Sasa, ngoma zetu zilitungwa na nani? Hakuna ajuaye. Ni mali ya jadi, ya mababu waliokufa bila kuandika majina yao. Kwa sheria za nchi nyingi, kitu cha jadi kisicho na mtunzi anayejulikana ni kama maji ya mtoni: kila mtu aweza kuteka. Na mtu akiyateka na kuyachanganya na sukari yake, ule mchanganyiko aweza kuuandikisha kwa jina lake. Hivyo ndivyo mshindo wa watu wengi unavyoweza kuzaa fedha za mtu mmoja, na sheria isivunjwe.

Lakini mto unatoka katika chemchemi, na chemchemi ina walinzi. Wapigaji 25 wa mwaka 1967 hawakuwa mababu waliokufa. Walikuwa watu hai, wenye wake na watoto na mashamba. Hata kama hawakutunga, walipiga. Na anayepiga ana fungu lake. Sioni jinsi mtu awezavyo kusema kwamba haki imetimizwa ikiwa sauti ya mikono yao ilichezewa dansi Ulaya, na kwenye sahani yake hakuna jina la hata mmoja wao.

Kwa hiyo siwapimi wote kwa kipimo kimoja. Aliyebandika kinanda juu ya sauti yao ana deni la jina na la fedha. Adam and the Ants, walioiga namna kwa jasho lao wenyewe, hawana deni la fedha kwa sheria. Lakini wana deni la kusema walikojifunza. Adam hakuficha kwamba mshindo wake ulitoka Burundi, na kwa hilo tumsifu. Echo and the Bunnymen, waliopiga bega kwa bega na wenyewe, wametuonyesha njia iliyo nyoofu kuliko zote.

Wengine watasema: basi tufunge mlango, asichukue mtu tena. Serikali ya Burundi ilijaribu kuweka ulinzi. Amri ya Rais ya Oktoba 2017 iliagiza kwamba kikundi kikitaka kupiga ngoma nje ya sherehe rasmi kipate kibali cha wizara na kulipa ada. Nia ya kulinda heshima ya ngoma naielewa. Lakini ada hiyo inamwangukia mpigaji mwenyewe, yule yule ambaye tangu mwaka 1967 hajatunzwa sawasawa, wala haimfikii mtu wa Paris mwenye kaseti. Amri hiyo iliagiza pia kwamba wanawake wasizipige. Juu ya hilo dada zetu wa shule ya wasichana ya jirani wana maneno yao, nami nawaachia nafasi wayaandike wao wenyewe.

Mimi naona ulinzi ulio bora uko mikononi mwetu. Leo kila mwenye simu ana kinasa sauti kilicho bora kuliko vile vya mwaka 1967. Kila sikukuu namwona mmoja wetu akiinua simu, akirekodi ngoma dakika mbili, akazipeleka duniani kwa maneno haya: Ngoma za Burundi. Basi. Hana jina la mpigaji, wala la kilima, wala la siku. Tumefanya lile lile tunalowalaumu wengine, tena kwa jirani zetu ambao tungeweza kuwauliza jina kwa kugeuka tu.

Kwa hiyo natoa shauri la mambo matatu. La kwanza, ukirekodi, andika: nani amepiga inkiranya, kikundi ni cha kilima gani, siku gani, na kama wamekuruhusu. La pili, nawaomba ninyi ndugu zetu wa zamani, mlioko Bujumbura na mlioko Ubelgiji na Kanada, mnapoalika kikundi katika harusi, patanani malipo kabla ya siku, wala msiwape wapigaji chakula tu na kusema kwamba ni mila. La tatu, tujifunze sisi wenyewe. Kati ya wenzangu niliowauliza darasani, wachache tu waliweza kutofautisha amashakwe na ibishikizo. Mgeni aliyesikiliza kaseti moja kwa bidii alijifunza kiasi cha kujenga bendi. Sisi tuliozaliwa karibu na chemchemi tumekunywa bila kuuliza maji yatoka wapi.

Mcheza kwao hutunzwa. Maneno hayo ni kweli mahali pale tu ambapo wa kwao wanamjua.

Maswali ya kujijaribu

1. Eleza kazi ya inkiranya, ya amashakwe na ya ibishikizo. Ni ipi isiyokuwamo katika muziki wa Adam and the Ants, na nani amechukua mahali pake?

2. Santuri ya mwaka 1968, santuri ya mwaka 1971 na tamasha la mwaka 1982 zote zilipeleka ngoma za Burundi Ulaya. Onyesha tofauti zake kwa habari ya majina.

3. Kuiga namna na kuchukua sauti: toa mfano mmoja wa kila moja katika kazi za mikono za kwenu, kama vile ususi au ufinyanzi.

4. Mwendee mpigaji mmoja wa ngoma katika kilima chenu wakati wa likizo. Mwulize jina lake, alifundishwa na nani, na mwalimu wake alifundishwa na nani. Andika majibu katika daftari, uyalete shuleni muhula ujao. Mhariri ameahidi kuyapa ukurasa majina hayo.

Mwanafunzi wa darasa la mwisho